Erio ya Nyumba ya Bondeni

Katika vilima vya Gusii, nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya kijito zinaweza kuwa na redio za aina moja na bado zisisikie kitu kimoja. Ya juu inapata Egesa FM bila taabu. Ya chini, iliyojibanza nyuma ya mgongo wa kilima, inapata mkwaruzo na nusu ya salamu. Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, hunyooka kutoka kwenye mnara kwenda kwa msikilizaji, na mlima ukisimama katikati, hayana subira ya kuuzunguka. Kwa hiyo kutoka Ogembo hadi Keroka yupo fundi anayeitwa kufunga erio ya nje, na mimi humtazama akifanya kazi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Vitu vyake ni vichache. Mabomba ya alumini huyapata kwenye erio za televisheni zilizobaki juu ya mabati tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015. (Mwenye nyumba hupenda kumwonyesha erio mpya ya dijitali na kuuliza kwa nini isitumike hiyo. Vijiti vyake ni vifupi mno kwa FM.) Wimbi la katikati ya bendi lina urefu wa mita tatu hivi, na kila mkono wa erio unataka robo yake. Hesabu tupu ingetoa sentimita 76. Fundi hukata 73, maana umeme hauishii kabisa pale ncha inapoishia, na bomba hufanya kazi kana kwamba ni refu kuliko tepu inavyosema. Mikono miwili, kipande cha mbao kavu katikati, kebo ya televisheni, basi. Mlingoti ni mti wa mkaratusi, na huko mikaratusi haijawahi kuadimika.

Hadi hapo mtu yeyote mwenye msumeno anaweza. Ustadi unaanza fundi anapoushika ule mti na kutembea nao uani, mama mwenye nyumba akisikiliza redio.

"Sasa je, Mama?"

"Imeharibika kabisa!"

Anasogea hatua moja tu. "Na sasa?"

"Hapo! Usiguse!"

Atagusa. Hatua hiyo moja ina sababu yake. Erio haipokei wimbi la mnara peke yake. Inapokea pia lile lililogonga kilima cha pili, au mabati ya jirani, likarudi limechelewa. Yakikutana yakiwa na mwendo mmoja, sauti inajaa; yakipingana, yanafutana. Kwa wimbi la mita tatu, mahali pazuri na mahali pabovu vinaweza kutenganishwa na sentimita 75. Ndiyo maana yeye hachagui upande wa paa kwa macho, na hapandi juu kabla hajamaliza kutembea.

Kisha anaizungusha. Erio ya mikono miwili husikia vizuri kwa ubavu na karibu haisikii kwa ncha. Fundi wa kawaida huuelekeza ubavu kwenye mnara na kushuka. Huyu hufanya lile linalonifurahisha zaidi: hutafuta kero inatoka wapi, kisha huielekezea ncha, hata kama kituo kinachotakiwa kitapoteza nguvu kidogo. Upande wa Borabu, mpakani na Sotik, ambako redio hujaa matangazo ya Kikalenjin, nyuzi chache za kugeuza mti zinatosha kumrudisha mtangazaji wa Ekegusii. Mwisho huisimamisha erio wima, kisha huilaza tena, kwa sababu minara haitumi mawimbi yake kwa namna moja, na sikio ndilo linaloamua.

Kiungo cha kebo na erio hufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukivutwa sana na kuzungushwa kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake na maji yasipate mwanya. Kebo haiingizwi dirishani moja kwa moja. Inashushwa chini ya tundu, halafu inapandishwa, ili mvua ya alasiri idondoke hapo kwenye pindo badala ya kuifuata hadi ndani ya redio. Na radi ya Kisii si ya kutaniwa: mlingoti ukiwa wa chuma, waya mnene wa kuuunganisha na ardhi hauna mjadala, na kebo huchomolewa mawingu yanapoanza kuwa meusi.

Kuna nyumba ambazo hata akitembea uani mpaka jioni hapati kitu. Hapo hutazama mgongo wa kilima na kuuliza shamba ni la nani. Kebo nzuri ya mita 30 humeza kama theluthi ya nguvu ya mawimbi haya, lakini kuvuka kivuli cha mlima hulipa hasara hiyo mara nyingi. Hesabu hiyo ameshaimaliza kichwani. Kilichobaki ni kumwendea shemeji mwenye majani chai ya juu na kumwomba waya upite kando ya mpaka wake, na Kisii nzima inajua mazungumzo ya mpaka huchukua muda gani.