Mtoano wa Nini Pale?

Raundi ya kwanza ya shindano la hesabu la watoto, Jumamosi ukumbini hapa Arusha, ilikwenda vizuri. Vishikwambi vilikuwa na chaji, sauti ya Kiswahili ilisikika hadi nyuma, na watoto wa darasa la tatu na la nne waliotoka Sakina, Kijenge na Ngaramtoni walikaa chini wakacheza gemu la chura, anayeanguka majini kila mtoto anapokosea hesabu, bila kuelekezwa na mtu. Hongera kwa waandaaji. Kisha kiongozi wa shughuli akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba raundi ya pili ni mtoano: watano wa mwisho, vishikwambi vyao vifungwe. Tangu Jumamosi ile sijatulia.

Video iko kwenye magrupu ya wazazi, kwa hiyo sisimulii mchezo mzima. Nataka turudi kwenye dakika ile moja.

Tazama upande wa kushoto, mstari wa pili kutoka ukutani. Yupo binti wa sweta la kijani, kishikwambi namba 17. Swali lake ni saba mara sita na chura ameshaanguka majini mara tatu. Safari ya nne binti habahatishi. Anaweka kidole kwenye kokoto ambazo gemu limemwonyesha, anazihesabu sita sita, midomo inacheza: sita, kumi na mbili, kumi na nane. Anafika thelathini na sita. Skrini inageuka kijivu. Hajaelewa, anabonyeza. Anakipangusa kioo kwa mkono wa sweta, anabonyeza tena. Dada mmoja wa kujitolea anamwinamia, anakichukua kishikwambi kwa upole kabisa, na mtoto anainuka kwenda kukaa kwenye benchi la nyuma pamoja na wenzake wanne. Alikuwa amebakiza fungu moja la kokoto sita kufika kwenye jibu.

Nguvu ya gemu lile iko hapa. Chura hafi. Hakuna maisha matatu, hakuna kurudishwa mwanzo. Akianguka anaogelea, anapanda jani, na swali linarudi likiwa limevunjwavunjwa: kwanza zinatokea kokoto, ukikosea tena kokoto zinapangwa mafungu, ukikosea tena fungu la kwanza linahesabiwa nawe. Anayepatia mara ya kwanza anapita juu kwa juu na haoni lolote kati ya hayo. Utaalamu wote umefichwa chini, kwa ajili ya anayekosea, ili kila anguko limwonyeshe ngazi ya kupandia. Ndipo panapojengwa kujiamini kwa mtoto, pale anapojua kwa kidole chake mwenyewe kwamba kukosea kuna njia ya kutokea. Mtoano ulikata mahali pale pale. Ni sawa na kujenga vibanda vya Miriakamba kwenye njia ya kupanda Mlima Meru, halafu ukawakataza waliochoka kulala humo.

Matokeo yake ni hesabu ya kinyume. Mtoto aliyelihitaji zaidi gemu lile alilicheza kwa dakika chache kuliko wote, na asiyelihitaji sana ndiye aliyecheza hadi mwisho.

Hata huyo aliyecheza hadi mwisho hakupona. Mwangalieni kijana wa mbele aliyebeba zawadi. Raundi ya kwanza alikuwa amejitosa kwenye kugawanya, leveli ambayo hakuna aliyemlazimisha, na alikuwa anaanguka na kucheka. Mtoano ulipotangazwa tu, akarudi kwenye kujumlisha. Nane na tano, sita na saba, pointi zikamiminika. Wazazi walipiga makofi. Mimi niliona mtoto hodari akijifunza kukwepa jambo gumu, na aliyemfundisha ni kanuni tuliyomwekea sisi watu wazima.

Na sababu ya mtoano? Muda. Mgeni rasmi alikuwa na ratiba nyingine, zawadi lazima zitolewe akiwepo. Nimelisema kuhusu mashairi ya shule na kuhusu riadha ya watoto, na nitalisema tena: shughuli ya watoto ipangwe kwa saa ya watoto. Mgeni akiondoka mapema, apewe soda yake na shukrani, mchezo uendelee.

Kuna wanaonijibu kwamba maisha ni ushindani, waacheni wazoee kushindwa mapema. Nimelisikia jibu hilo tangu utotoni. Shule niliyosoma, kila mwisho wa muhula tulipangwa mstari uwanjani na majina yakasomwa kuanzia wa kwanza. Mwaka mmoja nilikuwa wa 38 kati ya 41. Ninachokumbuka ni vidole vya miguu yangu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navitazama. Makosa yangu ya hesabu hakuna aliyenionyesha, si siku ile wala muhula uliofuata. NECTA yenyewe, Januari 2023, ilitoa matokeo ya kidato cha nne bila kutangaza shule kumi bora wala watahiniwa bora. Chombo cha taifa cha mitihani kimeachana na kutangaza nani bora, sisi tunaurudisha msimamo ukutani kwa projekta, kwenye gemu la chura, tena tunawaonyesha hadi wa mkiani.

Tanga hawakufanya hivi. Kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto takribani 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi kwa shindano la Global Learning XPRIZE. Karibu robo tatu yao hawakuwahi kwenda shule. Mwalimu hakuwepo, chaji ilitoka kwenye sola kijijini, na mtoto alikaa na programu yake miezi 15. Mizani yao ilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 kati ya timu za onebillion na Kitkit School. Walioshindanishwa walikuwa watengenezaji wa programu. Mtoto hakutolewa. Mwenzake akipita mbele, yeye alibaki na kishikwambi chake, na swali lake lilimngoja hadi kesho yake. Mmoja wa waliounda Kitkit School, Sooinn Lee, alitoka kwenye kampuni kubwa ya magemu ya Korea na akaanza kazi hii akimfikiria mwanawe mwenye mahitaji maalumu. Mtu kama huyo hafungi skrini ya aliyekwama.

Kama tunataka ushujaa wa karibu, tunaye John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambayo enzi hizo ilikuwa katika mkoa huu wa Arusha. Kwenye Olimpiki ya Mexico City, 1968, alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Iliwezekana kwa sababu njia ilikuwa bado wazi. Kwa kanuni ya Jumamosi ile, angetolewa pale pale alipoanguka na leo tusingemjua.

Na kama ilikuwa lazima pawepo ushindani, kombolela tumeicheza sote. Aliyekamatwa anasubiri karibu na kopo, hajatoka mchezoni, macho yake yako vichakani. Mmoja aliyebaki mafichoni akichomoka akalipiga kopo teke, wote wako huru. Aliyekamatwa anapiga kelele za kumwita, aliye huru anajua anabebwa na matumaini ya wenzake. Gemu la chura linaweza kupangwa hivyo bila kugusa programu: kila anayemaliza leveli anakwenda kukaa na mwenzake aliyekwama, wanahesabu kokoto pamoja, na pointi ni za wote wawili. Muda ungekuwa ule ule na zawadi zile zile.

Raundi nyingine imetangazwa kwa likizo ijayo, Usa River. Kabla ya hapo waandaaji wana kazi moja. Gemu lile hutunza kila jaribio: swali, mara ngapi mtoto kaanguka, mara ngapi karudi. Kumbukumbu za Jumamosi bado zimo. Wazifungue, wahesabu nani alirudi mara nyingi kuliko wote kabla ya kufungiwa, na waanze na kishikwambi namba 17.