Kaburi Lisilo na Shahidi

Katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang, nchi iliyomegwa zamani kutoka Mbulu, Wabarabaig huwazika wazee wao watukufu chini ya matuta makubwa ya udongo. Mashamba ya ngano ya NAFCO yalipoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, matrekta yalipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Katika miaka ya 1980 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, Mahakama ya Rufani ikautengua: hawakuthibitisha kwamba kila mmoja wao ni mwenyeji asilia.

Kwa kipimo cha kesi hiyo yafaa kisomwe kitabu cha Issa Shivji, The Concept of Human Rights in Africa (1989). Mwanasheria huyu, mwenyekiti wa Tume ya Ardhi ya 1991–1992 na mmoja wa waasisi wa HAKIARDHI, anakataa haki zigawiwazo kama sadaka. Kwake, msingi ni haki ya watu kujiamulia na kujipanga. Hoja hiyo yawafaa Mulbadaw: sheria iliwataka waje mmoja mmoja, ilhali walinyang'anywa wakiwa jamaa.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Chalijua tabaka na taifa, kaburi hakilijui. Mnyonge hutetewa humo, lakini hasikiki, na uhuru wa kusema haukamiliki kwa kusemewa. Shivji alichapisha pia mashairi yake ya Kiswahili mwaka 2019, katika Poems for the Penniless. Huko ndiko pengo laweza kuzibwa: mahakama huuliza nani mwenyeji, shairi laweza kumwachia mwenye kaburi alie kwa kauli yake.