Msonge, Zizi na Kitufe cha O: Jinsi Kihariri cha iD Kilivyosikiliza Wachoraji Wake

Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania ulizaliwa Machi 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu yakiwa Bariadi. Mwaka uliofuata kikatoka kihariri cha ramani kiitwacho iD, kinachofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Kwa vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, hicho ni miongoni mwa vyombo vilivyochora nyumba, njia na mito kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kuihariri.

Kabla yake kilikuwapo kihariri cha Potlatch, kilichotegemea programu-jalizi ya Flash, na kipo hadi leo kingine kiitwacho JOSM, chenye nguvu kubwa lakini kinachotaka kusakinishwa. Kwenye kompyuta ya shule au ya intaneti kafe, ruhusa ya kusakinisha huna. iD kiliandikwa kwa JavaScript: unafungua ukurasa, unaingia kwa akaunti yako, unachora juu ya picha ya satelaiti. Uamuzi huo mmoja uliwafungulia mlango watu wengi kuliko kitu kingine chochote ndani ya programu hii.

Sasa chukua kaya moja ya Kisukuma nje kidogo ya Bariadi. Kwenye picha utaona paa mbili tatu za bati ziking'aa, nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi, zizi la ng'ombe lililozungushiwa miba au minyaa, na shamba la pamba linaloanzia karibu na ua. Nyumba ya bati unaibofya pembe zake nne, unafunga umbo, unalitaja kuwa jengo, kisha unabonyeza Q. Pembe zinajinyoosha, ukuta unakaa sawa. Msonge hauna pembe. Unauzungushia nukta chache bila kujali ustadi, unabonyeza O, na umbo linakuwa duara safi.

Kitufe cha O ni kizuri sana, lakini tazama kinavyofundishwa. Somo la kuanzia la iD linamtembeza mgeni katika mji wa Three Rivers, Michigan, Marekani. Pale nyumba ni ya pembe, na kitu cha duara anachoelekezwa kuchora ni tangi. Mwanafunzi wa wilaya ya Maswa au Meatu, hukohuko Simiyu, analimaliza somo bila kuambiwa kwamba duara linaweza kuwa chumba cha kulala cha bibi. Anaweza kuishia kuchora msonge kwa pembe nne, na kuhesabu ukubwa wa makazi kwa ramani hiyo kunaanza na kosa.

Malalamiko kuhusu pembe za majengo yalisikika vizuri zaidi. Wakaguzi wa kazi za wanaoanza, hasa katika vikao ambapo watu hukusanyika kuchora kwa saa chache, walikuwa wakikutana na nyumba zilizopinda kila mahali. Mwaka 2019 iD kikaanza kukagua kazi papo hapo mtu anapochora, kabla hajaituma, na onyo kuhusu pembe zisizonyooka likawa mojawapo. Kiwango cha kawaida ni nyuzi 5, na mtumiaji anaweza kukibadilisha. Hiyo ndiyo namna sahihi ya kupokea maoni: lawama ya mkaguzi inageuzwa kuwa msaada kwa mchoraji akiwa bado kazini. Ila mashine inajua jiometri tu. Msonge uliochorwa kwa pembe nne zilizonyooka unapita bila swali.

Suala la intaneti ni zito zaidi kwa Simiyu. iD kinahitaji mtandao muda wote unapochora, wakati JOSM kinaweza kupakua data na kuendelea bila mtandao. Bando likiisha au umeme ukikatika, kazi ambayo hujaituma inabaki imehifadhiwa ndani ya kivinjari, na ukirudi kwenye mashine ileile unaulizwa kama unataka kuirejesha. Kitufe cha kuhifadhi, chenye idadi ya mabadiliko, nacho hubadilika rangi kuelekea njano kisha nyekundu kadiri idadi hiyo inavyoongezeka, kikikuhimiza utume. Ni kinga nzuri kwa mwenye kompyuta yake. Kwa anayetumia mashine ya umma, ambayo kesho atakaa mwingine, haitoshi. Kwake ushauri ni mmoja: tuma kila unapomaliza kaya chache.

Lipo pia kosa ambalo hakuna kitufe kinachoweza kulitibu. Mito mingi ya Simiyu hukauka kiangazi na kuacha mchanga mweupe, na aliye mbali anaweza kuuona mchanga huo kuwa barabara. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza mwaka 2015 na ambao kazi yake imesaidia kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji katika wilaya jirani ya Serengeti mkoani Mara, uligawa kazi vizuri: wanaojitolea walio mbali huchora kinachoonekana kutoka juu, na wenyeji wenye simu huongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Mwenyeji ndiye anayejua mto, na ndiye anayeweza kuuwekea alama kwamba ni wa msimu.

Lakini mwenyeji huyo sauti yake haifiki kwa watengenezaji. Maoni kuhusu iD hupokelewa kwenye GitHub, tovuti ambako msimbo wake huandaliwa, na mazungumzo huko ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo walimu wa kompyuta wa Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu, kusanyeni malalamiko ya wanafunzi wenu. Andikeni ni eneo gani, kivinjari gani, mlibofya nini kwa mpangilio upi na nini kikatokea, mkiambatisha picha ya skrini, kisha mumtafute mmoja wenu ayatafsiri na kuyatuma. Muanze na somo la Three Rivers: ombeni liongezwe msonge.