Sauti Iliyobaki: VJ wa Kibandani na Mhakiki wa Kujitegemea

Katika mijadala yetu ya Kiswahili kuhusu filamu, mhakiki huchukuliwa kuwa mtu wa kalamu: ametazama, amerudi nyumbani, ameandika. Makala haya yanamtazama mhakiki wa namna nyingine, asemaye papo hapo filamu ikiendelea, kisha yanamrudia mhakiki wa kalamu na kumuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hulikwepa: ni nani anayemlipa?

Aliyewahi kuingia katika ukumbi mdogo wa video mjini Kampala anaijua sauti hiyo. Filamu ya Marekani au ya Hong Kong inaonyeshwa, na juu yake mtu mmoja anafasiri kwa Kiluganda, anaeleza, anadhihaki, anasifu. Huyo huitwa VJ, na ukumbi wenyewe huitwa kibanda, neno ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Dar es Salaam nako kuna kibanda umiza, na Lufufu alijipatia jina kwa kuwasemesha Kiswahili wahusika wa ng'ambo. Wataalamu wetu wamelipita jambo hili haraka, pengine kwa sababu haliingii katika orodha ya fani na maudhui tuliyokaririshwa tangu sekondari.

Mfano unaonishughulisha ni Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila alichokitengeneza, hivyo aliifuta nakala ya awali ili aendelee na kazi nyingine. Iliyosalimika ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie. Leo, basi, hakuna awezaye kuitazama filamu hiyo bila kumsikia mhakiki wake. Uhakiki, ambao kwa desturi huifuata kazi ya sanaa, hapa umeingia ndani ya matini na kukaa humo.

Na umekaa vizuri. Helikopta iliyochorwa kwa kompyuta inapoushambulia mji, mhakiki wa gazetini angeandika kwamba ufundi ni duni, na angekuwa amesema kweli isiyomsaidia mtu. VJ Emmie anashangilia. Kwa kushangilia kwake anampa mtazamaji kanuni ya kuitazamia filamu hii: uhaba wa zana haufichwi, unachezewa hadharani, na anayecheka anacheka pamoja na Wakaliga. Sidhani kama aya kumi za nadharia zingeifanya kazi hiyo.

Lakini sauti hiyo hiyo inameza. Wahusika wanasema Kiluganda. Maneno yao mara kwa mara yanafunikwa na Kiingereza cha VJ. Nduguye Alex, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta kisasi, na kabla huzuni yake haijatulia tayari tumechekeshwa. Tena swali lililo katika jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Ofisa wa jeshi ameuawa na muuaji hajulikani: katika tamthilia tungelisimamia jambo hilo kwa kurasa nyingi, tukiuliza kama mtunzi ameacha pengo makusudi. Hapa pengo limejazwa mzaha. Kama Nabwana alitaka tucheke au tunyamaze, nakala iliyofutwa imekwenda nalo.

VJ hula kwa kiti kilichokaliwa na diski iliyouzwa. Shangwe yake ina mwajiri. Ningeweza kumlaumu kwa hilo lau nisingekuwa mhakiki wa kujitegemea. Silipwi mshahara, nalipwa kwa makala iliyochapwa. Tiketi ya onyesho hutoka kwa mwandaaji, na mara nyingine nauli pia. Niliwahi kuandika kwamba vipaza sauti vilimfunika mwimbaji wa taarabu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na taarabu ambayo maneno yake hayasikiki ni karamu bila chakula. Makala yalipotoka, aya hiyo haikuwamo, na ukurasa uliofuata ulibeba tangazo la mdhamini wa onyesho lile lile. Sikulalamika. Wiki iliyofuata nilihitaji kuchapwa tena.

Tofauti kati yangu na VJ ni kwamba watu wa kibandani wanajua anamtumikia nani. Wamelipa mlangoni, wanamsikia akiinadi filamu ijayo, na wanapunguza sifa zake kwa kipimo wanachokijua wenyewe. Msomaji wangu hana kipimo hicho. Anakuta jina langu chini ya kichwa cha habari na anadhani nilikata tiketi kama yeye. Mhadhiri mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuliona jambo hili dogo. Ndiyo maana uhakiki wa vyuoni huzungumzia mtunzi na hadhira kwa kirefu na mwandaaji kwa nadra.

Pendekezo langu kwa wenzangu wanaoripoti muziki, filamu na maonyesho katika nchi zetu ni la mstari mmoja tu: kila makala yaseme mwandishi aliingiaje na nani aligharimia safari yake. Nimeanza kuuandika mstari huo. Wahariri wawili wameukata, mmoja ameuacha.