Masika Si Rangi Moja

Walikosea. Nalisema mapema ili nisimzungushe mtu, maana nyote mliona usiku ule: ramani ya Pwani ikajaa kijani kimoja kutoka Msimbati hadi Moa, chini yake maandishi "Masika: Mvua za Wastani". Mtangazaji akapitisha mkono mara moja juu ya bahari, tukahamia michezoni. Sekunde 12 kwa saa yangu. Kituo sikitaji, aliyetazama anakijua.

Taarifa waliyopewa na wataalamu haikuwa hivyo. Niliisoma mchana wa siku ileile. Ilikuwa na kanda, tarehe za kuanza na kuisha kwa mvua, asilimia za kila fungu, na sentensi moja iliyobeba mzigo wote: mtawanyiko hautakuwa mzuri, kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu vikikatwa na mvua kubwa za muda mfupi. Mtu fulani katika chumba cha habari aliikata sentensi hiyo. Akabakiza jumla, akatupa mtawanyiko. Katika masika yasiyotulia, mtawanyiko ndio utabiri wenyewe.

Tulitazame kosa hili polepole. Anayesema wastani anazungumzia jumla ya miezi mitatu, Machi hadi Mei. Milimita 60 zikimwagika alasiri moja, kipimo kitaandika 60. Zikija siku sita, kumi kumi, kipimo kitaandika 60 zilezile. Kwa mche wa mahindi wenye majani manne hizo ni mvua mbili zisizojuana: moja inang'oa, nyingine inakuza. Kwa mkazi wa Jangwani, Dar es Salaam, tofauti ni kubwa zaidi. Mvua ya alasiri moja ikikutana na bamvua, Mto Msimbazi hauna pa kumwaga kwa sababu bahari imeujaa mdomoni, na maji yanarudi kutafuta vyumba vya watu. Kwa hiyo mwezi mmoja unaweza kuua shamba kwa ukavu na kuzamisha nyumba kwa mafuriko, na mwisho wa msimu hesabu ikasoma wastani. Neno hili nimelipigia kelele miaka nenda miaka rudi. Sitachoka, kwa sababu linaendelea kuumiza watu.

Ndani ya kosa hilo kuna la pili, nalo ni ile rangi moja. Mtwara na Lindi hawana masika kama ya Tanga. Kusini wana msimu mmoja, unaoanza Novemba na kuishia Aprili; Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba wana vuli na masika. Aprili mkulima wa Mkinga yuko na jembe la palizi, mwenzake wa Mtwara anaiaga mvua. Kuwapaka kijani kimoja ni kumpa mmoja habari za mwingine. Na hata huku kaskazini hatulowi pamoja. Dar es Salaam kilele chake ni Aprili. Mombasa kilele huangukia Mei, kwa kuwa ukanda wa mvua unapanda na jua, na kusi inashika polepole ikileta unyevu wa bahari pwani. Mvua inasafiri. Rangi moja iliisimamisha.

Kati ya pepo mbili, kaskazi na kusi, kuna tanga mbili, kipindi kigumu kuliko vyote kukitabiri. Kaskazi imekufa, kusi haijashika. Alfajiri unavuma umande kutoka bara, jua likipanda upepo unageukia baharini, na wingu linaweza kujijenga juu ya Mafia likamwaga, Kisiju ng'ambo wasione tone. Vuli angalau hufuata El Niño na hali ya joto la Bahari ya Hindi; masika hayana bwana mmoja. Ndiyo maana wataalamu huweka asilimia. Fungu lililopewa 40, wakati mgawo wa kawaida ni 33, limeegemea upande fulani tu, halijaahidi kitu. Ongeza vimbunga: Machi 2019 Idai ilipoipiga Beira, unyevu ulivutwa kusini na mvua zetu zikasuasua, tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ikatua Mafia kwenyewe. Hakuna ramani ya msimu inayokiona kimbunga miezi mitatu kabla.

Haki yao niwape: jedwali la mawimbi na upepo wa baharini usiku ule lilikuwa safi, na onyo la Hidaya mwaka ule lilitoka mapema, vivuko vya Zanzibar vikasitishwa.

Lakini sentensi moja iliyokatwa ina mtu wake. Wiki mbili baadaye nilikuwa Pangani. Giza la mwezi lilikuwa limeingia, boti za taa zilikuwa zimerudi zimejaa dagaa. Nilimkuta mama mmoja kando ya vichanja vyake, mvua ya siku ya pili ikiwa imekatika punde. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akachota dagaa mmoja kichanjani, akamminya kwa vidole viwili, tumbo likapasuka, nyama ikabaki kwenye kucha kama uji. "Si walisema wastani?" aliniuliza. Yeye wastani aliielewa kama kila Mswahili anavyoielewa: ya kiasi, isiyodhuru. Akanunua ndoo nyingi kuliko kawaida yake. Hakukosea yeye.

Babu yangu asingemwambia hivyo. Alikuwa nahodha wa jahazi, hakujua asilimia, lakini hakuwahi kuyataja masika kama kitu kimoja. Alihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, siku kumi kumi, mwaka wa siku 365. Ikitimia siku ya 250, mwishoni mwa Machi kwa hesabu ya Makunduchi, alikuwa akisema kaskazi imechoka, kisha anangoja mwongo unaofuata ndipo aseme tena. Hesabu hiyo ni ya kale: Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alipanga majira ya safari kwa siku za Nairuzi. Na wataalamu wa leo wamerudi palepale, kwani ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, hutoa taarifa za siku kumi kumi. Nahodha wa jahazi na mtaalamu wa satelaiti wanakubaliana juu ya kipimo. Aliyeketi katikati, mwenye kipaza sauti, ndiye aliyekiacha.

Wasiniambie muda haukutosha. Sekunde zilezile 12 zingebeba maneno haya: "Kwa ukanda wa kaskazini, jumla huenda ikawa ya wastani, lakini itakuja kwa vishindo na ukavu katikati. Kabla ya kupanda au kuanika, sikiliza taarifa ya siku kumi." Nimeyasoma kwa sauti mara tatu, saa ikiwa mkononi. Yanaenea.