Mkasi wa Bakor

Fomu ilikuwa na nafasi moja fupi ya kuandika kazi. Nilikwenda kuomba chumba cha kufundishia watoto wakati wa likizo, na karani alikuwa keshachoka nami. Nikaandika: mbandikaji. Akauliza, "Wabandika nini, mabango?" Nikamwambia hapana, nabandika picha, risiti, tiketi za boti, vipande vya leso, karatasi za peremende, barua kama zipo, yote ndani ya daftari moja, na pembeni naandika ilikuwa siku gani. Akanitazama kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua jina. Kisha akakata neno langu na kuandika lake: mwalimu wa sanaa. Sikubisha. Chumba nilikitaka.

Lakini neno lile la kwanza ndilo langu. Watu wengi hudhani kubandika ni mchezo wa chekechea, na mhadhiri wangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Mwaka wa pili chuoni nilimpelekea insha niliyoibandikia picha za sebule ya bibi yangu, nikaeleza kila picha imekaaje ukutani na kwa nini. Ikarudi na maneno mawili, kwamba hii si tahakiki. Sikuacha chuo kwa ajili yake, niliacha kwa ajili ya karo. Ila yale maneno mawili nilishuka nayo kwenye basi mpaka Mokowe, nikavuka nayo maji.

Miaka michache baadaye nikafungua kitabu cha Heike Behrend, mtafiti wa Kijerumani, *Contesting Visibility*, kilichotoka mwaka 2013 na kinachozungumzia upigaji picha katika pwani yetu. Humo nikamkuta Omar Said Bakor.

Kwa wasiomjua: Bakor alizaliwa mwaka 1932 akafariki 1993. Upigaji picha alijifunza mwenyewe, na miaka ya 1960 alikuwa na Bakor Studio yake hapa hapa Lamu. Watu walikwenda kwake kwa haja zile zile za studio yoyote: pasipoti, harusi, Idi. Lakini alikuwa na mkono wa pili, wa mkasi. Alichukua kichwa cha mtu akakitia katikati ya ua. Alichukua watu waliopigwa mbali mbali akawakutanisha kwenye karatasi moja. Kompyuta haikuwapo wala haikuhitajika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Fundi wa zama za filamu aliyetaka kuunganisha picha alikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ndani ya chumba cha giza: unaziba sehemu ya karatasi, unamulika negativu moja, kisha unaziba pale ulipomulika na kuleta negativu nyingine. Ukikosea kidogo tu, bwana harusi hana shingo. Ya pili ni kukata picha zilizokwisha kuoshwa, kuzibandika, kuupaka mshono rangi mpaka upotee, halafu kuipiga picha kazi nzima upya. Kinachotoka mwisho ni picha moja laini. Ukipitisha kidole juu yake hukuti ukingo.

Hapo ndipo mimi na Bakor tulipogombana, maana miaka yote nimeamini kuwa uzuri wa kubandika ni mshono. Daftari langu limevimba, halifungiki, gundi imekauka rangi ya chai, na ukilifungua unaona wazi kuwa hiki kilitoka huku na kile kule. Bibi yangu ndiye aliyelipa jina. Alilipekua siku moja, akatikisa kichwa, akasema, "Hizi ni zidaka za karatasi." Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu anazijua zidaka, vile vijisanduku vya chokaa vilivyopangwa ukutani, kila kimoja na chake: sahani ya Kichina, kitabu, chetezo. Hakuna anayejifanya kuwa sahani na chetezo vilizaliwa pamoja. Basi kwa nini Bakor auzibe mshono? Nikaona anadanganya. Nikaandika hivyo pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya wino, na kitabu si changu.

Wanaopenda kumsifu humfananisha na Wazungu. Hutajwa wasanii wa Berlin baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Hannah Höch na wenzake, waliokata magazeti na kuyabandika upya. Mfano huo haunitoshi. Höch alikata ili avunje: alichukua nyuso za wakubwa akazipachika pasipostahili, nchi nzima ionekane ilivyopinduka. Mteja wa Bakor alitoa pesa zake mfukoni, na hakutaka kuvunjiwa kitu. Alitaka kuwekwa mahali pazuri, tena karibu na mtu fulani. (Ukitafuta Mzungu wa kumfananisha na mimi, mchukue Mark Twain. Mwaka 1873 alipata hataza ya daftari la kubandikia lililokuja na gundi yake tayari, unalowesha tu. Ningelitaka hilo, kwa bei ya gundi ya siku hizi.)

Nongwa yangu ya pili na Bakor ni ndogo: maua yamezidi. Uso wa mtu mzima, mwenye mikunjo ya jua na chumvi, ukiutia ndani ya ua unapoteza nusu ya ukali wake. Najua ndiyo iliyokuwa fasheni, na kadi za Idi zilikuwa hivyo. Bado naona pale mkono ulikwenda kwa mazoea.

Kilichonibadilisha kuhusu mshono si kitabu. Ni kile chumba nilichokiombea fomu.

Nafundisha makundi mawili. Asubuhi watoto, alasiri kina mama. Siwezi kueleza vizuri raha ya dakika kumi za mwanzo, pale kila mtu anapomwaga mezani alichokuja nacho na meza inajaa maisha ya watu. Mama mmoja alileta picha ya harusi yake, amepambwa, mikono imejaa hina. Akaishika kifudifudi. Mume wake ameiona, dada zake wameiona, basi. Anataka iwe ndani ya daftari, na daftari litakaa sebuleni. Wenzake wakaanza kutoa rai. Mmoja akasema ibandike mgongo juu. Mwingine akasema kata uso, weka mikono na hina tu. Mwenyewe akachukua kipande cha leso, akakitia gundi upande wa juu peke yake, kikaning'inia kama pazia. Nyuma yake picha. Anayestahili atainua.

Sikumfundisha mimi. Nilisimama pale nikifikiria jina la kitabu cha Behrend, kwamba pwani yetu kuonekana ni jambo la kushindaniwa, si kila mtu anayeingia mbele ya kamera anataka kutazamwa na kila mtu. Yule mama alilimaliza suala kwa leso na tone la gundi. Nikaanza kushuku kuwa mkasi hapa kwetu una adabu zake ambazo sikuwa nimezisoma, na kwamba pengine Bakor alizijua.

Kundi la asubuhi ndilo lililonimaliza. Kuna mvulana wa miaka tisa, wa Langoni, ambaye babake yuko Ghuba kikazi. Ameondoka mtoto akiwa tumboni, akarudi mara moja, akaondoka tena. Picha ya wote pamoja hawana. Kazi ya wiki ile ilikuwa ukurasa wa nyumbani. Akamkata babake kutoka kwenye picha aliyotumiwa kwa simu, tuliyoichapisha dukani, akambandika baina ya mamake na dada zake wawili, ambao walipigwa kwenye ufuko wa Shela. Baba akatokea mkubwa kupita kiasi, kichwa chake sawa na jahazi lililo nyuma. Nikamwambia, tunaweza kuchapisha nyingine ndogo, ilingane. Akasema, "Wacha, mwalimu. Baba ni mkubwa."

Nikamwacha. Nikaufurahia mshono ule kwa dhati, ukingo mweupe kuzunguka mabega ya yule mtu, mkasi ulipotetemeka penye sikio. Nikajisemea, huu ndio ukweli wenyewe, mtu aliyekatwa akarudishwa. Nilikuwa nishaanza kuiandika sentensi ya makala kichwani.

Yeye hakuwa na habari na sentensi yangu. Alikuwa akihangaika na ule ukingo. Akaupaka penseli ya buluu penye bahari, ya kahawia penye mchanga, polepole, ulimi nje. Halafu akanivuta mkono. "Mwalimu, ipige kwa simu, lakini usiipige karibu. Isionekane imebandikwa."

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaipiga. Kwenye kioo cha simu mshono ulikuwa umekwenda. Walikuwa watu wanne wamesimama Shela, mmoja mkubwa kidogo.

Jioni ile nilifungua kitabu, nikatafuta yale maneno yangu ya wino pembeni mwa ukurasa wa Bakor. Hayafutiki. Nikabandika karatasi nyeupe juu yake.

Picha ilitumwa Ghuba kwa simu ya mama. Kesho yake akaja kunisikilizisha sauti ya mumewe. Kwanza anacheka. Kisha kimya, kelele za magari. Kisha anauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka: siku hiyo tulikwenda Shela, ile shati nilikuwa nayo?