Kuisoma Pumzi kwa Jicho na Sikio: Mbinu za Filamu Fupi na Mwanafunzi Anayeanza Uhakiki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu fupi Pumzi (2009) ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu kwa kuzingatia mwanga, sauti na kamera. Yanadai kuwa maana ya filamu hii hujengwa zaidi na mbinu kuliko kisa, na kwa hiyo inafaa kumfunza mwanafunzi anayeanza tofauti kati ya kusimulia filamu na kuihakiki. Aidha, yanajadili suala la istilahi za filamu katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeombwa kwa mara ya kwanza kuhakiki filamu huandika muhtasari wa kisa, kisha akaongeza aya moja kuhusu maudhui. Kosa hili lina chanzo. Mafunzo yake ya fasihi yamemzoesha kutafuta wahusika, dhamira na ujumbe. Hayakumzoesha kuuliza kamera imesimama wapi na kwa nini. Pumzi, filamu ya dakika zipatazo 20, inamlazimisha aulize, kwa sababu maneno yake ni machache mno.

Kisa chenyewe ni chepesi. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyopiganiwa maji, jamii ya Maitu inaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka, anapanda mbegu ndani yake, nayo inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa. Anatoroka kwa msaada wa mfanyakazi wa usafi na kwenda kuupanda mche jangwani.

2.0 Mwanga, Rangi na Mandhari

Ndani ya majengo ya Maitu mwanga ni baridi, kuta ni za kijivu na njia ni nyembamba. Watu wanazalisha umeme kwa kufanya mazoezi kwenye mashine, na mkojo wa Asha unasafishwa ili aunywe tena. Hakuna msimulizi anayetueleza kuwa huu ni utawala unaohesabu kila tone. Kazi hiyo inafanywa na mandhari. Mwanafunzi makini ataona pia kwamba rangi ya kijani imetumiwa kwa ubahili. Hutokea kwa nguvu katika ndoto ya mti, kisha katika mche. Ubahili huo wa rangi unamfanya mtazamaji aonje uhaba aliouzoea Asha, hata jani dogo likawa tukio kubwa.

3.0 Sauti na Ukimya

Mbinu ya sauti ndiyo nguzo ya filamu hii. Asha anapowasiliana na wakubwa wake, tunasikia sauti ya mashine huku midomo imefungwa. Mashine hiyohiyo inatambua ndoto yake na kumwamuru anywe dawa ya kuizuia. Hivyo sauti imehamishwa kutoka mwilini hadi kwenye mtambo wa dola. Anayenyang'anywa ndoto hunyang'anywa pia koo lake.

Hapo ndipo anwani ya filamu inapata uzito. Pumzi ni kitu ambacho mashine haina. Asha anaponusa udongo, ndoto inamjia papo hapo: pua na pafu vinajua jambo ambalo baraza linakanusha. Mhakiki asiyesikiliza ataona hapa binti mwenye njozi tu. Anayesikiliza ataona mgogoro kati ya mwili na mtambo.

4.0 Kamera na Hatima

Katika sehemu ya mwisho, Asha anaumwagia mche maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho, kisha analala akiukinga na jua. Kamera inapaa. Mti unakua pale alipolala, na kadiri fremu inavyopanuka tunauona msitu ng'ambo ya milima.

Je, msitu ulikuwapo tangu awali, au umetokana na mti wa Asha? Tukishika jibu la kwanza, kifo chake ni kejeli chungu: alibakiza mwendo mfupi tu. Tukishika la pili, ni kafara iliyozaa. Kamera haiamui. Makala haya yanaona kuwa utata huu ni sifa, lakini una gharama. Picha inayopaa inampa mtazamaji faraja ambayo wakazi wa Maitu hawaipati. Filamu hairudi kwao, na mfanyakazi wa usafi aliyehatarisha maisha yake ameachwa ndani. Swali la kisiasa lililojengwa kwa ustadi na mandhari na sauti limejibiwa kwa tendo la mtu mmoja. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kazi hii, na huonekana tu kwa anayefuatilia kamera inamwacha nani.

5.0 Suala la Lugha

Filamu yenye anwani ya Kiswahili inatoa sauti za mashine zake kwa Kiingereza, ilhali mbegu inabeba jina la Kikikuyu, maitu, yaani mama. Mgawanyo huu una maana: amri ina lugha yake, na uhai una lugha zake. Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kulieleza hilo kwa Kiswahili hukwama. Atasema picha ya karibu, shoti au klozapu? Mkato au kata? Pasipo istilahi zilizokubaliwa, hukimbilia tena kisa, kwa kuwa kisa kina msamiati.

6.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba walimu waanze na filamu fupi zenye maneno machache, zitazamwe mara moja bila sauti na mara nyingine kwa kusikiliza pekee, ndipo muhtasari wa kisa uruhusiwe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yaandae kwa pamoja orodha fupi ya istilahi za filamu, ikianzia na zile ambazo wapiga picha na wahariri wa kanda tayari wanazitumia kazini. Mwanafunzi akipata neno la kuitaja mbinu, ataanza kuiona.